Mwaka Nilioitwa Kenya

Mwezi uliopita Mireille alipita Nairobi akiwa safarini kwenda kwao Uvira, Kongo, kumwona mama yake, akalala kwetu siku mbili. Hatukuwa tumeonana tangu nilipoondoka Johannesburg. Aliingia na mifuko ya vitenge, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, kisha akaketi jikoni, akawatazama wanangu wawili waliokuwa wakinywa uji, akawaambia kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Munamujua huyu mama yenu? Huyu njo alinifundisha kukimbia." Watoto walinitazama, wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Hawajawahi kuniona nikikimbia hata mvua. Mireille hakuona cha kuchekesha. Aliendelea kuwasimulia habari za baridi na giza, na umati wa watu wanaokimbia barabarani huku wanaimba, nami nikabaki nimeshika kikombe cha chai, moyo unanidunda kana kwamba tunaondoka saa ile ile. Walipolala nilimwambia Mireille kwamba nitayaandika. Akasema niandike, ila nisimfanye mnene.

Habari za kwetu Voi nitaziruka, kwa kuwa hazina mbio ndani yake. Itoshe kusema kwamba mwaka 2018 nilikuwa Johannesburg nikisoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kule Braamfontein, na chumba nilichokimudu kilikuwa Doornfontein, ghorofa ya tano, katika nyumba ya Mireille na mumewe. Nasema chumba kwa heshima tu. Ilikuwa sebule kubwa iliyogawanywa kwa mbao nyembamba, upande mmoja kitanda changu na vitabu, upande wa pili cherehani ya Mireille, meza ya kulia, na dirisha lililotazama barabarani. Lifti ilikufa kabla sijafika na hakuna aliyeililia. Mbao zile hazikufika darini, kwa hiyo harufu ya ndagala, dagaa wa kwao, na vitunguu ilinifikia kitandani kabla sahani haijafika mezani, na kila neno lililosemwa pale nililisikia kana kwamba nimekaa nao. Wiki za kwanza nilijifanya sisikii. Baadaye tulizoeana, hata Mireille akawa ananiuliza maoni yangu kupitia mbao. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama walivyomwita wadogo wote wa kanisani kwao. Yeye aliniita Kenya. Jina langu, Wakesho, alilijua vizuri sana, lakini alisema hilo ni jina la mtu mmoja, na yeye kapata nchi nzima ndani ya nyumba.

Mireille alikuwa fundi wa nguo na mwimbaji, na ukimwuliza kazi yake angeanza na uimbaji. Kanisa lao lilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu lililowahi kuwa duka la samani, na Wakongo waliacha makanisa yaliyo karibu na nyumba zao waje kuisikiliza kwaya ile. Mwalimu wa kwaya alikuwa mumewe, Papa Justin, mtu mrefu, mpole, aliyelinda ghala usiku na kulala mchana. Walikuwa na wimbo mmoja walioimba kila sikukuu. Mwishoni mwa wimbo huo kwaya yote hunyamaza, na kiongozi hubaki peke yake na sauti moja ndefu ambayo lazima aishike bila kuvuta pumzi mpaka mkono wa mwalimu ushuke. Papa Justin alikuwa na tabia ya kuchelewesha mkono makusudi. Kwa miaka mingi aliyesimama mbele na kuishika sauti ile alikuwa Mireille, na watu walikuwa wakishikana mikono kwenye viti wakingoja waone nani atashindwa kwanza, mke au mume. Kisha Mireille akaugua kifua kikuu. Alimeza dawa za kliniki mpaka kidonge cha mwisho, akapona, akanenepa tena. Lakini Pasaka ya mwaka ule, mbele ya kanisa lililojaa, sauti ilimkatika, mkono wa mumewe ukiwa bado juu. Nilikuwepo. Kilifuata kikohozi, kisha watu wakampigia makofi ya huruma, na makofi hayo ndiyo yaliyomwumiza kuliko kikohozi. Jumapili iliyofuata Papa Justin alimweka mbele msichana wa Bujumbura mwenye mapafu mapya, na Mireille akahamia safu ya nyuma.

Siku chache baadaye aligonga mbao.

"Kenya, umelala?"

"Nimelala, Yaya."

"Bon. Kesho utanifundisha kukimbia."

Nilikaa kitandani. Alinieleza kwamba nesi wa kliniki amemwambia mapafu yake yamepona ila yamezoea uvivu, atembee, akiweza akimbie. Na yeye hakutaka kukimbia kidogo. Mwaka uliotangulia marathon ya jiji ilipita chini ya dirisha lake, akaona kundi la watu wakikimbia huku wakiimba, na jambo hilo halikumtoka kichwani. "Mutu anakimbia na anaimba wakati moja," alisema, "huyo ako na pumuzi, hakuna mutu atabisha." Alitaka kumaliza mbio zile, kilomita zote arobaini na mbili, kisha amwendee mumewe adai nafasi yake. Nilimwambia mimi ni mtu wa Voi, kwetu ni joto, wanaokimbia Kenya ni watu wa kule juu milimani, na shuleni siku ya michezo nilikuwa nikijificha chooni.

"Uko Mukenya ama hauko?"

"Niko, Yaya, lakini—"

"Njo vile."

Nilidhani nimeeleweka. Lakini muda si mrefu nikamsikia akimwambia Papa Justin aliyekuwa akivaa buti zake za kazi: "Unaona vile anajishusha? Batu bakubwa njo bako vile." Papa Justin akaitikia kwamba ni kweli, hata kocha wa timu ya Uvira alikuwa hapendi kusifiwa. Kuanzia siku hiyo kila nilichokikana kilinipandisha cheo. Kanisani walinisogezea kiti cha mbele. Mzee mmoja aliniuliza kama namfahamu fulani na fulani, mabingwa, nikasema hapana, akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba nimekataa kutoa siri za watu. Nifanye nini? Nilinunua viatu.

Aprili ilikuwa inaisha na asubuhi zilikuwa nyeusi tii. Baridi ya Johannesburg ni kavu, haina ukungu wala mvua, inakungoja mlangoni na kukuingia puani mpaka kichwa kiume. Tulivaa soksi mikononi kwa kuwa hatukuwa na glavu. Tulishuka ngazi zote tano, tukafika chini tukiwa tumekwishachoka, tukasimama kwenye kibaraza tukatazamana. Ikabidi mwalimu aseme neno. Nikasema, "Twende," na tukaanza. Kona ya kwanza palikuwa na mama anayeuza magwinya, yale maandazi yao makubwa yasiyo na tundu, amekaa kando ya moto wa kwenye debe pamoja na wateja watatu. Alitusikia kabla hajatuona, miguu minne inakuja mbio gizani. Aliinuka, akakumbatia beseni lake, na mguu niponye. Wateja nao nyuma yake. Katika mji ule mtu akiona wenzake wanakimbia hukimbia kwanza, sababu ataiuliza mbele ya safari. Sisi tukidhani wameona jambo la hatari nyuma yetu, tukaongeza mwendo, nao walipoona tunawafuata wakazidi kuchanganya miguu. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye robot, taa za barabarani, na pale mama yule alisimama akatugeukia akihema, beseni kifuani, akauliza kwa Kizulu tunakimbia nini. Mireille akajibu kwa Kizulu chake cha sokoni kwamba hatukimbii kitu, tunafanya mazoezi. Alitutukana vizuri sana. Kisha alituuzia magwinya yakiwa bado ya moto, tukala tumesimama, mafuta yanachuruzika kwenye soksi za mikononi, na Mireille akacheka mpaka akakohoa. Hizo ndizo zilikuwa mbio zangu za kwanza maishani, na kwa kweli tulikimbia vizuri.

Lakini tulielewa kwamba wanawake wawili peke yao gizani si mpango. Chuoni nikaulizauliza, nikaambiwa kuna kundi linaloanzia Braamfontein kabla ya mapambazuko, la mzee mmoja wa Soweto aliyeitwa Ntate Sello. Ntate ni baba kwa Kisotho, na yeye alikuwa baba kwelikweli: mfupi, ndevu nyeupe, miguu myembamba yenye mishipa, kofia ya sufu iliyofunika mpaka nyusi. Siku za kazi alitengeneza viyoyozi. Siku za mbio alikuwa dereva wa basi. Watu wa kule wana desturi ambayo sijaiona kwingine. Mkimbiaji mzoefu hujitolea kuwavusha wanyonge. Hushika kibendera, na wote wasiojiamini humfuata, mamia wakati mwingine, na kundi hilo huitwa basi. Dereva ndiye anayeamua kila kitu. Akisema tembea, basi zima linatembea. Akisema kimbia mpaka nguzo ile ya taa, linakimbia. Na ili miguu yote ishuke pamoja na akili isahau maumivu, basi huimba. Lengo la basi la Ntate Sello lilikuwa moja tu, kufika kabla ya bunduki. Siku ya mbio, alitueleza, mtu mmoja husimama kwenye mstari wa mwisho akiwapa mgongo wakimbiaji, asije akamwonea mtu huruma, na muda ukitimia hufyatua risasi hewani. Aliye nyuma ya mstari, hata kama anaugusa kwa kidole, hakumaliza. Wala hawamwandiki. Ntate Sello alimtazama Mireille, akanitazama mimi, akaniuliza natoka wapi. Nilipojibu, uso wake uliangaza, akatangaza kwa wote kwamba leo tuna Mkenya ndani ya basi. Walipiga makofi. Nilikuwa wa mwisho kufika asubuhi hiyo, nyuma ya bibi mmoja mwenye goti bandia, na bado hawakukata tamaa nami. Walisema ninajihifadhi.

Sasa ninapokaa kiti kimoja kutwa nzima nikisahihisha ripoti za watu, huwa najaribu kukumbuka furaha ile ilitoka wapi, maana haikuwa na sababu ya maana. Nilikuwa napasuka midomo. Kucha mbili za miguu zilikuwa nyeusi. Darasani nilisinzia mpaka mwalimu wangu akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Lakini nilikuwa nalala usiku nikiitamani asubuhi, na hilo halikuwahi kunipata. Nilipenda tulivyotoka gizani Braamfontein, tukavuka lile daraja kubwa la nyaya juu ya reli, vichwa vinatoa moshi, na madereva wa teksi wakaturushia honi na maneno ya kuchokoza. Nilipenda majani ya miti ya Houghton yalivyolia chini ya viatu, na jua lilivyotokea mara moja, jekundu, bila kutupasha moto hata kidogo. Zaidi ya yote nilipenda basi lilipoimba. Mireille alikaa kimya wiki ya kwanza, akisikiliza. Wiki ya pili aliingia kwa sauti ya chini. Ya tatu, mtu wa mbele alipochoka, yeye akaanzisha wimbo wa kwao, ule ule wa kanisani, akawafundisha kiitikio cha neno moja, "Tutafika," na Wazulu na Wasotho wakalidaka mara moja kama waliozaliwa Uvira. Kuanzia hapo ulikuwa wimbo wa milimani. Lakini kila ulipofika mwisho, pale penye sauti ndefu, Mireille aliuzungusha na kuurudisha mwanzoni. Ntate Sello alimwuliza kwa nini wimbo wake hauna mwisho. Alimjibu kwamba mwisho anao, anautunza.

Tukirudi nyumbani tulikutana na Papa Justin kwenye ngazi, yeye akitoka kazini, sisi tukitoka mbioni, wote watatu tukipanda kwa kushika ukuta. Mireille alipika bugali la unga wa muhogo na mahindi, na sombe, kisamvu cha kwao, iliyobaki jana, na tulikula asubuhi hiyo hiyo kama watu waliolima. Papa Justin alizungumza kidogo. Alimwangalia mkewe akila, akamsogezea samaki, na mara moja nilimwona akihesabu kwa kidole mezani, taratibu, huku Mireille akivuta pumzi baada ya ngazi. Sikujua kama anahesabu kwa hofu au kwa matumaini.

Kisha likaja juma la mfungo. Kila mwaka mwezi Mei kanisa lao hufunga juma zima, siku mbili za mwisho bila kuonja kitu, na mfungo hukamilika, au kama wasemavyo wao hufungwa, Jumapili kwa maombi. Mimi si wa kanisa lile na sikufuatilia. Jumamosi ya juma hilo hilo ndiyo ilikuwa siku ya mazoezi marefu kuliko yote, ambayo Ntate Sello alisema asiyeyamaliza asije siku ya mbio. Mireille aliunganisha mambo hayo mawili bila kumwambia mtu. Katika akili yake yalisaidiana: mwili unashushwa, roho inapanda mlima. Kwenye kilima cha mwisho nilimwona akitoka kandokando ya basi, akaketi kwenye ukingo wa lami, uso umekuwa wa majivu. Dereva alisimamisha basi zima. Akachuchumaa mbele yake na chupa ya Koka.

"Mme," alisema, yaani mama kwa Kisotho, "umekula nini asubuhi?"

"Asubuhi?" Mireille alisema. "Nilikula juzi."

Ntate Sello alinigeukia mimi, mwalimu, nikainua mikono. Akamsogezea chupa mdomoni, naye akafumba midomo kama mtoto. Alisema mfungo haujafungwa. Mfungo hufungwa kwa maombi, na mtumishi wa Mungu, kesho, na mtu akila kabla ya hapo kazi yote aliyoifanya juma zima imemwagika. Nilimwambia atakufa. Akasema hatakufa. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na mimi nilikuwa naogopa sana, naye Ntate Sello hakubishana hata kidogo. Alikuwa Mzayoni, yaani muumini wa kanisa la Sayuni la kule, wa wale wanaovaa kanzu nyeupe na kushika fimbo Jumapili, na suala la mfungo alilielewa kuliko mimi. Alivua kofia yake ya sufu, akapiga magoti kwenye lami, akamwuliza kama anakubali maombi ya kanisa jingine. Mireille alifikiri. Alifikiri kweli, jamani, akiwa nusu amezirai. Kisha akasema, "Kama ni Mungu yule yule." Ntate Sello aliufunga mfungo kwa Kisotho, kwa kirefu, na basi zima likasema amina, na Mireille akaipokea chupa akainywa mpaka chini.

Habari ilifika kanisani kabla yetu, na jioni hiyo nilisikia kupitia mbao mazungumzo ambayo sitayasahau. Papa Justin hakupandisha sauti. Alianza na lile lililokuwa jepesi.

"Mufungo wetu, Mireille, umefungwa na Muzayoni. Mu barabara."

"Alipiga magoti. Bachungaji benu banasimama."

Nilidhani Papa Justin atacheka. Kumbe hapana. Alimwambia kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akirudi kutoka kazini na kusimama nje ya mlango kwanza, asikilize kama anakohoa, ndipo aingize ufunguo. Akasema hataki kurudia kusimama pale. Mireille alimwuliza kama hiyo ndiyo sababu alimrudisha nyuma. Papa Justin akasema alimrudisha nyuma kwa sababu pumzi ilikatika, na kwamba angekuwa mke wa mtu mwingine angefanya hivyo hivyo, na kwaya nzima ilikuwa ikimwangalia kuona kama atafanya.

"Mimi sikusikia wewe tu Pasaka," alisema. "Nilisikia na mapafu. Niko nasikia kila siku. Siwezi kukuweka mbele ju nakupenda."

"Usiniweke ju unanipenda. Nitakimbia ile kitu. Nikifika mbele ya bunduki kulia, utanisikiliza tena, mara moja. Pumuzi ikikatika, sitakuomba tena mpaka nife."

"Na usipofika?"

"Basi nitabaki nyuma, na nitanyamaza."

Nililala nikitazama dari. Mireille kunyamaza lilikuwa jambo ambalo sikuweza hata kulipigia picha. Papa Justin alisema, mwishowe, kwamba siku ya mbio ni Jumapili, yeye ana kwaya, hatakuja kuangalia. Mireille akasema hajamwalika.

Asubuhi ya mbio tulisimama nje ya uwanja tumevaa mifuko myeusi ya takataka iliyotobolewa mahali pa kichwa na mikono, kama wakimbiaji wote wa kule wanavyofanya kujikinga na baridi ya kungojea. Maelfu ya watu ndani ya mifuko ya takataka wakirukaruka, na mimi miongoni mwao, sijawahi kufurahi vile. Bunduki ya kuanzia ilipolia, mifuko iliruka juu kila upande. Basi letu lilikuwa refu kuliko siku zote. Ntate Sello alikuwa mbele na kibendera chake, na kwa saa za kwanza niseme ukweli, tulikuwa kwenye sherehe. Watu walichoma nyama kando ya barabara na kutupungia koleo. Watoto walitugawia vipande vya machungwa na viazi vilivyochemshwa kwa chumvi. Tulirarua vifuko vya maji kwa meno, tukajimwagia, tukaimba. Mtu mmoja alisoma fulana yangu, ambayo Mireille alikuwa ameidarizi KENYA mgongoni bila kuniuliza, akapaza sauti kwamba hata Wakenya siku hizi wanapanda basi.

Baada ya kilomita ya thelathini sherehe ilikwisha. Vilima vilianza, na jua, na basi likanyamaza kidogo kidogo, mstari mmoja baada ya mwingine. Ntate Sello aliita wimbo, sauti yake ikatoka kavu, imekwaruza. Aliita tena. Hakuna aliyeitika. Nilimwona akitazama saa, na uso wake ulinitia hofu kuliko miguu yangu. Hapo ndipo Mireille, aliyekuwa ubavuni kwangu, alipotoka safuni, akasogea mpaka mbele kabisa, karibu na kibendera, akaanzisha. Hakuanza kwa nguvu. Alianza pale pale miguu yetu ilipokuwa, kwa mwendo ule ule wa kuburuta, na "Tutafika" ya kwanza ilitoka kwa watu kama kumi. Ya pili ilitoka kwa basi zima. Tulipanda kilima kile, na kilichofuata, na kile cha tatu ambacho watu walituambia ndicho kinachoua, na yeye hakuachia.

Mimi nilikatika tukiwa tumekaribia. Paja lilikaza ghafla, nikabaki nimesimama na mguu mmoja kama korongo. Mireille aligeuka. Nikapiga kelele, "Nenda, Yaya!" Akanitazama mara moja, akaenda. Hakuniuliza mara mbili, na mpaka leo namshukuru. Nilijikanda, nikajikokota, nikaanza tena kuruka kwa mguu mmoja na nusu, na basi likazidi kusogea, kibendera kikawa kidogo, lakini sauti niliendelea kuisikia, na nikaifuata hiyo. Uwanja ulitokea. Kwenye lango, miongoni mwa watu waliokuwa wakipiga makofi, niliona sare ya ulinzi. Papa Justin alikuwa ametoka kazini akaja moja kwa moja, na kwaya ile, kwa mara ya kwanza tangu aianzishe, ilikuwa inaimba bila yeye.

Basi lilipita mbele yake. Mireille hakumwona, au alimwona, sijawahi kumwuliza. Wimbo ulifika mwisho, pale alipokuwa akiuzungusha siku zote, na safari hii hakuuzungusha. Alinyanyua kidevu na kuitoa sauti ile. Basi zima lilinyamaza lenyewe, hakuna aliyelifundisha, miguu tu ndiyo ilisikika, na sauti ikaingia langoni, ikaingia uwanjani, ikawa inakwenda. Papa Justin aliinua mkono. Sidhani kama alijua kwamba ameuinua. Aliuinua kama anavyouinua kanisani, kiganja juu, na uso wake ulikuwa wa mwalimu, mkali, sikio moja limeelekea uwanjani, akingoja. Nilikuwa nachechemea kumkaribia, na bado anangoja, na bado sauti inakwenda, na sikujua tena kama ninalia kwa paja au kwa kitu kingine. Nilipofika usawa wake bunduki ililia ndani ya uwanja. Watu walipiga yowe la furaha lililofunika kila kitu, kisha nikaona kibendera cha Ntate Sello kikirukaruka ng'ambo ya mstari, na karibu yake kitambaa cha kichwa cha Mireille.

Nilisimama. Hapakuwa na haja ya kukimbia tena. Papa Justin alinishika kiwiko nisianguke, mkono wake mwingine ukiwa bado juu.

"Kenya," alisema, "umesikia pahali alivuta pumuzi?"

"Hapana, Papa."

"Na mimi sikusikia."